Homa Ikiisha, Moyo Usisahauliwe

Mtu wa Kirua Vunjo hana haja ya kufundishwa na vitabu kwamba moyo una kazi. Njia zake humfundisha kila siku. Atokaye Uchira, kando ya barabara kuu ya Moshi na Himo, akaelekea vihamba vya juu penye migomba na mibuni, hupanda mamia ya mita kabla ya kufika nyumbani, na mara nyingi hupanda akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe au ndoo ya maji kichwani. Katika nchi ya namna hii mwenye moyo dhaifu hajifichi kwa muda mrefu. Mlima humtoa hadharani.

Ndiyo sababu tumeona vema kulizungumza jambo ambalo waganga wanazidi kulitilia mkazo, nalo ni hili: maradhi yanayoletwa na virusi, hata yale tunayoyaita mafua au homa tu, huweza kuacha madhara katika moyo na mishipa ya damu baada ya mgonjwa kuonekana amepona. Si kwa kila mtu, wala si mara zote. Lakini kwa baadhi ya watu madhara hayo hudumu miezi, na pengine miaka, na ubaya wake ni kwamba hakuna anayeyahusisha na ile homa iliyopita.

Desturi yetu ni kuuhesabu ugonjwa kwa joto la mwili. Joto likishuka na hamu ya chakula ikirudi, mgonjwa huhesabiwa kuwa mzima, naye hushika jembe siku hiyo hiyo. Miezi minne baadaye, akianza kuhema katikati ya mlima aliokuwa akiupanda huku anaimba, husema kwamba uzee umebisha hodi. Akiwa kijana, husema amechoka. Kifua kikimbana, husema ni vidonda vya tumbo au kichomi. Wengine huanza kumtafuta aliyewaroga. Wachache mno ndio wanaojiuliza kama moyo wao una kasoro, na wachache zaidi ndio wanaokwenda kupimwa.

HOMA ISIYO NA JINA

Jambo la kwanza la kulikubali ni kwamba homa nyingi hutupitia bila ya kujulikana jina lake. Haya si maneno ya kubahatisha, kwa kuwa yamethibitishwa hapa hapa Moshi. Kati ya mwaka wa 2007 na 2008, watafiti walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili, KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 kati ya hao walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Vipimo vya maabara vilipofanywa kwa uangalifu, malaria ilionekana kuwa ndicho chanzo cha homa kwa watu 14 tu. Waliobaki walikuwa na maradhi mengine: ya bakteria, ya kuambukizwa kutoka kwa wanyama, na ya virusi.

Miongoni mwa virusi hivyo kilikuwamo cha chikungunya, kilichoonekana kwa karibu wagonjwa 8 katika kila 100 waliopimwa. Jina la ugonjwa huo latoka katika nchi yetu wenyewe. Ni neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mgonjwa. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza upande wa Newala, katika mlipuko wa mwaka wa 1952 na 1953. Kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa ni wa viungo tu. Lakini uchunguzi wa Brazil uliochapishwa mwaka wa 2024 umeonyesha kwamba katika majuma yanayofuata homa hiyo, vifo vya watu walioipata huongezeka, na maradhi ya moyo ni moja ya sababu zake.

Leo zahanati zina kipimo cha haraka cha malaria, na hayo ni maendeleo ya kujivunia. Hata hivyo, kipimo hicho hujibu swali moja tu. Mgonjwa akiambiwa kwamba hana malaria, hupewa vidonge vya kutuliza maumivu, na mara nyingi habari huishia hapo. Homa imekosa jina, na isiyo na jina haikumbukwi.

Kisha ukaja UVIKO-19. Mgonjwa wa kwanza wa Tanzania alitangazwa mwezi wa Machi mwaka wa 2020, naye alikuwa Arusha, jirani zetu. Tangu Mei mwaka huo hadi katikati ya mwaka wa 2021 hesabu za wagonjwa hazikuwa zikitangazwa kwa utaratibu, na chanjo zilianza kutolewa mwishoni mwa Julai 2021. Katika muda huo watu wengi waliugulia nyumbani, wakajifukiza kwa majani, wakapona, na ugonjwa wao ukaitwa mafua makali au changamoto ya kupumua. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Mei 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha. Ni kweli, dharura ya dunia ilikwisha. Lakini hesabu iliyomo katika mwili wa kila mtu haikufungwa siku hiyo.

VIRUSI HUUFANYA NINI MOYO

Wazee wa Uchagga waliochimba mifongo ya kuteremsha maji kutoka msituni hadi vihambani watalielewa jambo hili upesi. Mafuriko yakipita mfongoni, maji hupungua siku ya pili, na mtu wa mbali atadhani kila kitu kimekuwa sawa. Lakini mwenye mfongo huchukua jembe akaufuata tangu juu hadi chini, kwa kuwa anajua kwamba mahali fulani ukingo umeliwa na mahali pengine tope limejaa. Asipofanya hivyo, mfongo utabomoka siku ya jua kali, wakati migomba inapouhitaji zaidi.

Mishipa ya damu ndiyo mifongo ya mwili, na virusi huiharibu kwa njia kadhaa. Njia ya kwanza ni kuingia katika nyama ya moyo wenyewe na kuifanya iwake moto wa ugonjwa. Viko virusi vilivyojulikana zamani kwa tabia hiyo, kama vile vya Coxsackie, ambavyo mara nyingi huanza kama mafua au kuharisha tu. Wagonjwa wengi wa namna hii hupona kabisa. Kwa wengine, mahali palipoungua hubaki kovu. Kovu halisukumi damu kama nyama nzima, tena huweza kuyavuruga mapigo, moyo ukaenda mbio au ukaruka bila mpango.

Njia ya pili ni ya utando laini uliofunika ndani ya mishipa. Utando huo ukijeruhiwa, damu huwa nyepesi kuganda. Bonge la damu likiziba mshipa unaolisha moyo, mtu hupatwa na mshtuko wa moyo. Likiziba mshipa wa ubongo, hupatwa na kiharusi. Likienda mapafuni, pumzi hukatika. UVIKO-19 umejulikana hasa kwa madhara ya namna hii.

Njia ya tatu ni ya mzigo. Homa kali huulazimisha moyo kufanya kazi kuliko kawaida kwa siku nyingi. Moyo mzima huustahimili mzigo huo. Lakini moyo wa mtu mwenye shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, au mwenye kisukari, au aliyevuta tumbaku miaka mingi, tayari unafanya kazi kwa taabu. Homa ya juma moja yaweza kuwa ndiyo inayoupindua. Nao wenye presha si wachache: uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba kiasi cha robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa nayo, na wengi wao hawakujua.

HESABU ZASEMAJE

Mwaka wa 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa mwaka mmoja watu 153,760 waliokuwa askari na waliopata UVIKO-19, wakawalinganisha na mamilioni ya wenzao ambao hawakuupata. Hatari ya moyo kushindwa kazi ilizidi kwa asilimia 72, na ya kiharusi kwa asilimia 52. Kwa ujumla, katika kila watu 1,000 waliougua, walionekana 45 zaidi wenye maradhi ya moyo na mishipa kuliko ilivyotazamiwa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliolazwa, lakini hata waliougulia nyumbani hawakusalimika wote. Mwaka wa 2024 uchunguzi mwingine, wa watu wa Uingereza walioambukizwa mwaka wa 2020 kabla ya chanjo, ulionyesha kwamba hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo ilikuwa maradufu, na ilidumu kwa karibu miaka mitatu.

Wala si UVIKO-19 peke yake. Mwaka wa 2018 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba katika juma moja baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na homa ya mafua, hatari ya kupatwa na mshtuko wa moyo huwa kama mara sita kuliko wakati mwingine wa maisha yake.

Yafaa hesabu hizi zisomwe kwa akili, si kwa hofu. Wale askari wa Marekani wengi wao walikuwa wanaume wazee. Hali yao si sawasawa na ya mama wa Kirua mwenye miaka 35 anayelima tangu asubuhi. Tena kuzidi kwa watu 45 katika 1,000 maana yake ni kwamba wengi sana katika hao 1,000 hawakudhurika. Mtu asilale macho kwa sababu aliwahi kuugua. Lakini 45 katika kila 1,000 si idadi ya kupuuzwa. Ukizichukua kata tatu za Kirua Vunjo, Magharibi, Mashariki na Kusini, ukawaza ni watu wangapi waliopata ugonjwa ule katika miaka miwili, utaona kwamba hata sehemu ndogo ya hatari hiyo ni baba na mama kadhaa, na kila mmoja ana watoto wanaomtegemea.

MAUMIVU YASIYOTAMBULIWA

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii kwetu. Watafiti walikaa katika chumba cha dharura cha KCMC, wakawapima wagonjwa wazima 681 waliofika wakilalamika kwa maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2020, yalionyesha kwamba 152 kati yao, yaani zaidi ya mmoja katika watano, walikuwa na mshtuko wa moyo. Kilichosikitisha zaidi ni kwamba wengi wao hawakutambuliwa kuwa nao, na zaidi ya wanne katika kila kumi walifariki dunia kabla ya siku 30 kwisha.

Hatusemi kwamba watu hao waliumwa moyo kwa sababu ya virusi. Uchunguzi ule haukuwa wa jambo hilo. Tunasema kwamba mshtuko wa moyo, ambao wengi wetu tulidhani ni ugonjwa wa Ulaya na wa matajiri wa mjini, uko mlangoni petu, na bado hatujazoea kuutambua. Ikiwa mgonjwa mwenye kifua kinachombana aweza kupita katika hospitali kubwa bila ya ugonjwa wake kujulikana, je, itakuwaje kwa yule aliyeko kihambani, ambaye jirani zake wanamwambia anywe maji ya moto alale?

Yuko atakayesema kwamba mababu zetu waliugua homa wakapona, wala hawakupimwa moyo. Ni kweli waliugua. Mwisho wa mwaka wa 1918 homa ya mafua iliyozunguka dunia ilifika Afrika ya Mashariki na kuua watu wengi sana. Lakini hakuna aliyewahesabu waliokufa mwaka mmoja au miwili baadaye kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi. Kutohesabiwa si ushahidi kwamba hawakuwapo.

Yuko pia atakayeuliza kuhusu chanjo, kwa kuwa maneno mengi yalisemwa. Ukweli ni huu: baadhi ya chanjo za UVIKO-19 zilileta uvimbe wa moyo kwa watu wachache, hasa vijana wa kiume, na wengi wao walipona upesi; na nyingine ilihusishwa na kuganda kwa damu kwa watu wachache mno. Mambo hayo hayakufichwa. Yalichunguzwa na kuandikwa. Lakini ugonjwa wenyewe huleta madhara hayo mara nyingi zaidi kuliko chanjo. Mwenye kupima mambo kwa mizani ya haki ataweka pande zote mbili.

YANAYOTUPASA KUFANYA

La kwanza ni la mgonjwa mwenyewe. Homa ikiisha, arudi kazini polepole. Siku ya kwanza asipande mlima na gunia, wala asijilazimishe kutoka jasho kwa imani kwamba jasho linatoa ugonjwa. Vijana wa mpira waangaliwe zaidi. Waganga huwazuia walioonekana na uvimbe wa moyo wasicheze michezo ya nguvu kwa miezi mitatu hadi sita, kwa kuwa moyo uliojeruhiwa ukikimbizwa huweza kusimama ghafula. Mwalimu wa michezo anayemrudisha mtoto uwanjani kesho yake baada ya homa kali hamsaidii mtoto wala timu.

La pili ni kuzijua dalili. Pumzi inayokatika kwa kazi ambayo zamani haikukushinda, miguu inayovimba jioni, kushindwa kulala chali mpaka uweke mito miwili au mitatu, mapigo yanayokwenda mbio ukiwa umekaa, kuzirai, kifua kinachobana kana kwamba kimefungwa kamba, na maumivu yakienda begani, mkononi au tayani. Hizi hazingoji mwisho wa mwezi wala siku ya soko. Kifua kikibana kwa namna hiyo kwa dakika nyingi, mgonjwa na apelekwe hospitali saa ile ile, na akifika aeleze waziwazi ili apimwe umeme wa moyo. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

La tatu ni la zahanati zetu. Kipimo cha shinikizo la damu ni cha bei ndogo, na kukitumia ni kazi ya dakika chache. Kila mtu mzima anayerudi zahanati baada ya homa kali na apimwe presha, apimwe mapigo, na aulizwe swali moja: "Unapanda mlima kama zamani?" Swali hilo halihitaji umeme wala mtambo, nalo mtu wa Kirua Vunjo aweza kulijibu kwa usahihi kuliko mtu wa mahali pengi. Jibu liandikwe katika daftari lake pamoja na tarehe ya ile homa. Mganga atakayemwona miaka miwili baadaye atakuwa na mahali pa kuanzia. Wenye dalili wapelekwe kwa wataalamu wa Moshi, na wale wanaohitaji tiba kubwa zaidi wako wanaowapokea katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka wa 2015.

La nne ni la wazazi. Mtoto anayeumwa koo pamoja na homa asiachwe kwa asali na limau peke yake. Koo nyingi huletwa na virusi na hupona zenyewe. Lakini koo nyingine huletwa na bakteria, na zisipotibiwa kwa penisilini huweza kuziharibu milango ya moyo polepole, mpaka mtoto akifika ujana awe mgonjwa wa kupasuliwa. Ugonjwa huo ungaliko Tanzania, na kinga yake ni ya bei nafuu.

La tano ni la gharama. Watu wengi hukwepa kupimwa si kwa ujinga, bali kwa sababu nauli ya kwenda Moshi na malipo ya kipimo hula fedha ya mbolea au ada ya mtoto. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka wa 2023. Sheria hiyo itakuwa na maana kwa mkulima wa kahawa siku atakapoweza kupimwa moyo bila ya kuuza mbuzi. Viongozi wa vijiji, wa vyama vya ushirika na wa dini wana wajibu wa kuwaeleza watu haki zao katika jambo hili, na wananchi wana wajibu wa kuzidai.

Mwisho, yako mambo ambayo hayana shida ya fedha hata kidogo. Kupunguza chumvi, kuacha tumbaku, kunywa mbege na pombe nyingine kwa kiasi, na kumeza kila siku dawa ya presha aliyokupa mganga hata siku unazojiona mzima: haya huupa moyo nguvu ya kustahimili homa itakayokuja, maana hapana shaka nyingine itakuja. Kila mwezi wa Desemba jamaa hurudi mlimani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, wakala pamoja na kuulizana habari za afya. Tungependa swali moja liongezwe katika mazungumzo hayo. Mtu akisema kwamba aliugua sana mwaka huu lakini sasa amepona, asijibiwe kwa kushukuru Mungu tu. Aulizwe pia kama amepimwa presha, na kama pumzi yake ni ile ile. Na akisita kujibu, wawepo wa kumsindikiza zahanati kesho yake asubuhi.